Maji ya Kunawa

Mtu akinisifu, kwanza mimi hugeuka nione anamsifu nani nyuma yangu. Ndivyo nilivyolelewa. Mama yangu alikuwa akikaanga na kuuza samaki ufuoni hapa Kisumu, kwenye kibanda cha mabati kinachotazama ziwa, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Mafunzo yake yalikuwa machache: mgeuze samaki kabla hajashika karai, na ujue kwamba mteja anayekusifu sana anataka kuongezewa ugali.

Kwa hiyo mwalimu mmoja wa chuo alipoanza kuja kila Jumamosi, tulimtilia shaka tangu siku ya kwanza. Alifundisha Maseno na alikuwa amepanga nyumba mtaani Migosi. Aliagiza ngege mmoja, samaki wa ziwa letu, akamla polepole, na kila niliposema jambo alikuwa akiandika kitu kwenye daftari aliloliweka mapajani. Mama alidhani ni mtu wa afya. Mimi nilidhani ni mtu wa kodi. Tulianza kufuta meza mara mbili mbili na kumpa risiti ambazo hakuziomba.

Jumamosi ya nne au ya tano akajieleza. Alikuwa anageuza mchezo wa kuigiza wa zamani, vichekesho vya ng'ambo, kuwa mchezo wa Kiswahili. Ulihusu bwana msomi anayemwokota mwanamke mchuuzi na kumfundisha kusema kama wakubwa, hadi wakubwa wenyewe wanampisha kiti. Mwalimu alikuwa amemhamishia mchuuzi huyo Kisumu na kumpa samaki wa kuuza. Sasa alitaka mimi ndiye niwe yeye.

"Mwalimu, kwani huko chuo wasichana wameisha?" nilimuuliza.

"Wako," alisema. "Lakini wakitaja samaki, unajua tu hawajawahi kumshika. Wewe una sauti. Una uhai."

Nikageuka kutazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu, ila mama akipuliza moto.

Nilijua ninavishwa kilemba cha ukoka, na bado nikakubali. Sababu yangu niliifunga moyoni. Mwaka uliotangulia nilikwenda kuomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini. Mama mmoja aliyevaa vizuri alinihoji, na nilipofungua mdomo akacheka. Hakucheka kwa ubaya, kicheko kilimtoka tu, na ndiyo maana kiliniuma. Katika mchezo wa mwalimu kulikuwa na nusu ya pili, ambapo mchuuzi yule anaongea na ukumbi mzima unanyamaza. Niliitaka hiyo nusu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Tulifanyia mazoezi katika ukumbi wa kanisa, jioni baada ya biashara. Mwalimu alinichonga ulimi. Nikisema "sati" alinirudisha hadi litoke "shati". Vitu vyangu vyote ambavyo vilikuwa "hii" na "hiyo" vilipewa viambishi vyake, kila kimoja na chake. Alinifundisha pia kufunga mdomo sentensi inapoisha, badala ya kuuacha wazi nikingoja kuona kama nimekasirisha mtu. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya hivyo. Lugha haikunishinda. Kilichonishinda ni kiti.

Niseme kwanza kuhusu maji. Kazi yangu kibandani ilikuwa jagi na beseni. Samaki wetu huliwa kwa vidole, hata na mwenye gari kubwa, kwa hiyo mteja akiketi unamletea maji ya uvuguvugu na sabuni, unainama, unamnawisha mikono, na unaanza na mkubwa wao. Nyumbani ni vivyo hivyo: mdogo humnawisha mkubwa, mtoto humnawisha mzazi. Tangu nilipoweza kuinua jagi bila kulimwaga, mimi ndiye niliyemnawisha mama. Yeye hakuwahi kuninawisha mimi, na sikuwahi kufikiri kwamba angeweza.

Sasa katika nusu ya pili kulikuwa na karamu. Mchuuzi wa samaki, akiwa ameshakuwa bibi mkubwa, anaketi mezani kwa watu, mtumishi anamletea maji, naye ananyoosha mikono huku akiendelea kuzungumza. Ni hilo tu. Lakini kila nilipoliona jagi likija, miguu yangu ilisimama yenyewe na mikono yangu ikalipokea.

"Keti!" mwalimu alinipigia kelele. "Bibi mkubwa hainuki. Huyo anayemnawisha hata hamwoni."

Nilirudia hadi magoti yakauma. Kisha, ghafla, akaacha kunirudisha. Wiki nzima tulifanya nusu ya kwanza tu, ile ya sokoni, ya kupayuka na kuchekesha. Tukifika kwenye karamu anatazama saa na kusema imetosha. Machale yakanicheza.

Kulikuwa na msichana mmoja anayesomea sheria, mtoto wa watu wenye geti na mbwa wawili, ambaye alipewa nafasi ndogo ya binti wa nyumba ile ya karamu. Nilianza kumchunguza. Siku moja nilimkuta pembeni akisema maneno peke yake, na maneno yenyewe yalikuwa yangu. Nikafungua mfuko wa mavazi nikalijaribu gauni la nusu ya pili, la kijani, lenye vifungo vya lulu za bandia. Lilikwama mabegani. Mabega yangu ni ya kubeba ndoo za maji ya ziwa, na aliyelishona gauni lile alikuwa amepima mabega ya kubeba vitabu.

Nikampeleleza na mwalimu mwenyewe. Alikuwa na tabia ya kutoka nje kupokea simu, basi nami nikajitia nakwenda kumwaga maji machafu. Nikamsikia. Alikuwa anaongea na mtu wa kwao Katito kuhusu ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi ya jirani, na alipochanganya Kiswahili alisema "sida" na "samba", waziwazi, bila aibu. Makosa yaleyale aliyonirudisha nayo mara mia! Nikajiambia, huyu ana nusu zake mbili na anazitumia anavyotaka, ila mimi ananitakia moja tu, ile ya kuchekesha watu.

Jumatano iliyofuata niliwahi kufika ukumbini, na juu ya meza ya mwalimu nikaona samaki. Alikuwa amefunuliwa nusu kwenye gazeti, ngege mkubwa, amechanjwa mikato minne kila upande na mmoja wa kukingama karibu na mkia. Ufuo mzima hakuna anayechanja hivyo ila mama. Lakini mwalimu hakuwa amekanyaga kibandani kwetu karibu mwezi. Na Jumatano alasiri mama alikuwa akiniachia karai akisema anakwenda kwenye maombi ya akina mama.

Nilimngoja mwalimu mlangoni na gauni mkononi.

"Mwalimu, hii gauni ni ya nani?"

Akalitazama gauni, kisha akanitazama mimi.

"Sema tu. Mimi ni wa kuchekesha watu, halafu yule wa sheria ndiye anakuwa madam. Si ndio?"

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nusu zote mbili zilikuwa zako," alisema. "Mama yako ndiye aliyekuja kuniomba. Amekuja mara tatu. Mimi nami nina mama, sikujua nimjibuje."

Mwezi mzima nilikuwa nimemshuku kila mtu ila aliyelala chumba kimoja na mimi. Nilitembea hadi ufuoni sijui kwa njia gani. Mama alikuwa anapara magamba, ameketi kwenye kigoda, mgongo wake kwangu.

"Mama, ulienda kwa mwalimu?"

"Nilimpelekea samaki. Kwani samaki ni makosa?"

"Ulimwambia asinipatie hiyo nusu ingine."

Hakuinua kichwa. "Hiyo ya kwanza sina shida. Watu watacheka, watasema ni yule wetu, kesho watakuja kununua. Lakini hiyo ya kukaa, unamwagiwa maji na mtu humwangalii..."

"Ni mchezo tu!"

"Najua ni mchezo. Mimi si mjinga. Wewe ukikaa kwa hiyo kiti, nyathina, utasimama tena kweli?"

Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu. Alilitamka neno hilo polepole, na lingetosha kunilainisha siku nyingine yoyote. Nilicheka. Kisha nikamwambia kwamba wivu haumpendezi mtu wa umri wake. Nililisema kwa Kiswahili kile kipya, kila neno mahali pake, na mwishoni nikafunga mdomo kama nilivyofundishwa. Mama aliacha kupara, akanitazama usoni, kisha akamchukua samaki mwingine.

Nilimwambia mwalimu anipe mchezo mzima au anikose kabisa. Yule msichana wa sheria aliliachia gauni bila ugomvi, akasema hata hakulitaka sana, jambo ambalo nalo nililitilia shaka. Fundi akaongeza kitambaa mabegani. Na kwa kuwa msichana alikuwa na muda, nilimwomba awe mtumishi wangu wa mazoezi. Alininawisha tena na tena, jioni baada ya jioni, nami nikinyoosha mikono na kuongea. Siku ya kwanza nilimwona uso mzima. Siku ya tatu niliona mikono yake tu. Siku ya tano sikumwona tena, na mwalimu akapiga makofi.

Tuliigiza Jumamosi alasiri. Nusu ya kwanza walicheka hadi wakapiga viti. Nusu ya pili nilipofungua mdomo ukumbi ulinyamaza, na ulikuwa ukimya uleule nilioutaka. Niliusikia ukinizunguka nikawa na furaha mbaya, furaha ya kulipa kisasi kwa mama mmoja wa hoteli ambaye hata hakuwepo. Mama yangu mwenyewe hakuja pia. Alisema ana mafuta motoni.

Baadaye mwalimu akatangaza kwamba sote twende tukale samaki, na wapi kwingine ila kwetu. Wenzangu walibadilisha nguo. Mimi nilikwenda na gauni, nikidai vifungo vinasumbua. Ukweli ni kwamba sikutaka kulivua. Tukaketi kwenye benchi refu linalotazama maji, nami nikawa nawasimulia kuhusu mzee wa safu ya mbele aliyenisahihisha kwa sauti katikati ya mchezo. Nilisimulia kwa ile sauti ya karamu. Ilikuwa bado mdomoni na ilinikaa vizuri.

Jagi lilikuja. Lilianza kwa mwalimu, likaja kwa msichana wa sheria, likaja kwangu. Nikanyoosha mikono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu sawasawa. Nilisugua vidole nikiendelea na mzee wangu wa safu ya mbele, na watu wakicheka, hadi nilipotazama chini kutafuta sabuni nikaona kidole gumba kilichoshika jagi. Kilikuwa na kovu la mafuta, lile alilolipata mwaka nilioingia darasa la kwanza.

Mama alikuwa ameinama mbele yangu.

"Sabuni ndiyo hii, madam," alisema.

Hakubana midomo. Hakutabasamu. Alilisema kama anavyowaambia wateja wote. Nilipaswa kuruka kutoka kwenye lile benchi, nimnyang'anye jagi, nimwombe radhi mbele ya watu. Benchi zima lilikuwa linasubiri kula. Nikaichukua sabuni, nikanawa, nikanyoosha mikono tena animwagie maji ya mwisho, naye akamwaga, akaenda kwa aliyefuata. Niliona aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo, na samaki wa siku ile sikuionja ladha yake.

Sasa nafanya kazi ya kusoma matangazo redioni. Ile sauti ndiyo inayonilisha. Nimelipindua neno lile la "madam" kila upande, kwa mazoea yangu ya kushuku, nijue kama alikuwa ananitania, au ananipa heshima niliyoitafuta, au ananiaga. Nilimuuliza mara moja. Akasema wateja wote huwaita hivyo, kwani kuna nini.

Jumapili mimi huenda ufuoni, ambako siku hizi kuna bomba la maji, kula naye. Nafika mapema, kabla ugali haujapinduliwa, nachemsha maji mwenyewe, nayachanganya hadi yawe ya uvuguvugu sawasawa, kisha nachukua jagi na beseni na kwenda kuinama mbele yake. Mama hunionyesha viganja vyake, vinachuruzika maji. Ameshanawa bombani.