Majani ya Bi Mgeni na Spiriti Yangu

Wenzangu, ujinga huu ni wangu peke yangu. Kazi yangu ni ya maabara: tunachukua majani ya dawa, tunayaroweka, kisha tunatia maji yake kwenye seli za saratani tunazozifuga ndani ya visahani, tuone kama zitakufa.

Safari hii majani alinipa Bi Mgeni, mganga wa kijiji cha Wambaa. Niliyaroweka kwenye spiriti siku tatu, nikachuja, nikatia. Asubuhi nachungulia kwenye hadubini, zote zimekufa! Nikataka kujua zitavumilia kiasi gani. Nikachukua seli nyingine, nikapunguza dawa nusu, zikafa. Nikapunguza tena, zikafa vilevile. Nikajiona bingwa. Sikungoja hata kumwonesha mkubwa wangu, nikapanda gari mbio hadi Wambaa.

Nilitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba majani yao yanaua saratani. Dada yake Bi Mgeni, anayetibiwa saratani ya titi, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi! Basi hospitali siendi tena."

Bi Mgeni hakucheka. "Mwanangu, mie huyachemsha kwa maji. Weye umeyaroweka kwenye nini?"

"Spiriti, Bi."

"Na hivyo vidudu vyako, ulivitia spiriti tupu kwanza, bila majani yangu, ukaona vitakuwaje?"

"Sikuvitia, Bi." Kila mtu akanitazama.

Akamgeukia dada yake. "Hospitali utakwenda." Kisha akanirudia mimi, taratibu kabisa: "Hata mie ukiniroweka kwenye spiriti, mwanangu, asubuhi utanikuta maiti."