Nilivyoenda Italia Nikabaki Embu

Mama yangu huwaambia watu kwamba niko Italia. Niko Embu. Kutoka nyumbani kwetu Githongo, huko Meru, hadi hapa ninapoandika ni safari ya asubuhi moja tu, lakini huu ni mwaka wa tatu sijaifunga, na nikiulizwa sababu ningesema ni vitenzi.

Hapana, nisiongeze uongo juu ya huu nilio nao. Sababu ni mimi. Vitenzi ni vya Waitaliano na havina ugomvi na mtu.

Nilikuwa nimesomea kuhudumia wagonjwa, na mkataba wangu katika zahanati moja hapa mjini ulikuwa umekwisha. Wakala mmoja akanipatia nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee, kaskazini mwa Italia, kwa sharti moja: nifaulu kwanza mtihani wa lugha. Sharti lenyewe lilisikika dogo. Nilikuwa nimeshajua Kimeru, Kiswahili, Kiingereza na Kiembu cha sokoni, nikajiambia ya tano itaingia yenyewe. Nilikuwa na kichwa kikubwa wakati huo.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja wa Karurumo aliyewapikia mapadre wa Kiitaliano tangu ujana wake hadi walipomstaafisha. Lugha yao aliijulia jikoni, kwa kukemewa. Nilimwendea kila Jumamosi, nikimkuta uani kwake akichambua njahi, yale maharagwe meusi, na kabla sijaketi alikuwa ameshanitupia kitenzi. Andare, kwenda. Nami nikaanza: vado, vai, va, andiamo, andate, vanno. Nilimuuliza ile v imetoka wapi wakati neno lenyewe linaanza na a. Akanijibu kwamba hata yeye aliwahi kumuuliza padre, na padre akamwambia aangalie chungu kisiungue.

Usiku na mchana niliishi na daftari. Kila kitenzi kaidi nilikipa kurasa mbili na kukichorea vyumba: wakati uliopo, uliopita, uliopita zaidi, ujao, halafu ile hali ya mambo ya kutamani na kudhani ambayo wenyewe wanaiita congiuntivo. Kuwa, kwao, ni essere. Nikisema mimi niko, ni sono. Nilikuwa, ero. Lakini kama nilikuwa zamani sana na mambo yakaisha, ni fui, fosti, fu. Laiti ningekuwa, fossi. Sisi tuna njoo, nenda na lete, na hao watatu tunawavumilia. Waitaliano wana ukoo mzima wa wakorofi, na wakorofi hao ndio maneno unayoyahitaji kabla hujanywa chai: kwenda, kuja, kuwa, kufanya, kusema, kutaka, kuweza. Usiku nililia juu ya dovere, kupaswa, na sioni aibu kusema.

Kwetu mtu hasafiri hivi hivi. Akitaka kuondoka nchini, jumuiya ya kanisa huja nyumbani, hema linafungwa, wanawake wanapika, anaombewa, anashikwa kichwa, anaagwa. Mama alipanga siku yangu wiki mbili kabla ya mtihani. Nilimwomba angoje nifanye kwanza. Alinitazama kama mtu aliyekosa imani, akasema tukingoja matokeo ndipo tuombe, tutakuwa tunamwomba Mungu nini tena? Nikakubali. Kusema kweli nilitaka pia kuagwa. Nilitaka kuiona siku hiyo, wale walionicheka mkataba wangu ulipokwisha wakinishika kichwa.

Basi wakaja. Walinivika leso, wakanipa blanketi la baridi ya Ulaya na sanduku lenye magurudumu. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akasimama na kusema hatuwezi kumaliza kabla hatujasikia hiyo lugha. Nikasimama. Kichwani hamkuwa na sentensi hata moja, mlikuwa na vyumba vya daftari tu. Nikafumba macho nikasoma venire, kuja, katika wakati ujao: verrò, verrai, verrà, verremo, verrete, verranno. Nilisoma polepole, kwa heshima. Nilipofumbua macho nikakuta wameinamisha vichwa, na mwenyekiti akasema Amina. Mama alikuwa analia kwa furaha karibu na sufuria.

Mtihani niliufanyia Nairobi. Karatasi ya maandishi niliimaliza. Kwenye mazungumzo, mwanamke mpole wa miwani akaniuliza, kama ningeweza kuwa mahali pengine popote leo, ningekuwa wapi. Nililijua swali. Nilijua hata ukurasa wake katika daftari. Nilimwona mama kando ya sufuria, nikaona hema, nikaona sanduku, na mdomo ukakauka. Yule mwanamke akalirudia swali, kisha akanisogezea glasi ya maji. Nilikunywa yote nikasema grazie, na hilo ndilo neno pekee la maana alilolisikia kutoka kwangu.

Nilimpigia mama simu nikiwa bado Nairobi, nikamwambia nimeanguka. Nikasikia kuku nyuma yake. Kisha akasema nisije nyumbani. Hakusema kwa ukali. Alisema tu kwamba watu wameshaniaga, na mtu aliyeagwa akionekana tena akinunua chumvi dukani, hema lile litakuwa kichekesho cha Githongo nzima mpaka azikwe yeye. Nikae Embu kidogo, nirudie mtihani, nifaulu, niende, na hakuna atakayejua. Ilionekana ni akili. Nilirudia, nikaanguka tena, ingawa kwa alama chache kuliko mara ya kwanza, na nafasi yangu akapewa mwingine. Mzee wa Karurumo alifariki msimu wa mvua uliofuata, nami nikaogopa kwenda mazikoni.

Sasa namtunza mwalimu mstaafu hapa mjini aliyepooza upande mmoja. Namwogesha, namgeuza, namlisha uji. Ni kazi ile ile niliyokuwa naiendea Italia, hata uzito wa mzee nadhani ni ule ule. Nikitoka nje navaa barakoa, kwa sababu watu wa Meru hawaishi kupita Embu. Mama hunipigia siku za jumuiya, anaweka simu kwenye spika, nami nawaambia wanawake kuna baridi. Namchukia mtu ninayekuwa dakika zile.

Mwezi uliopita macho ya mama yalianza kuingia ukungu. Meru kuna madaktari, lakini alitaka aje Embu, nami nikaelewa kwa nini. Tulikutana, alipokwisha kuonwa na daktari, katika uwanja wa kliniki ya macho, kwenye benchi la saruji. Hatukukumbatiana sana, tuliogopa watu. Alikuwa amepungua. Mikono ilikuwa na weusi wa kuchuma kahawa, na miguuni alikuwa na kiondo kilichojaa maparachichi ya mti wa nyuma ya jiko, aliyoyafunga moja moja kwa gazeti ili yasiniharibikie. Tulikuwa hata hatujamaliza kuulizana habari.

Nikasikia ile sauti. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa anatoka chumba cha daktari, jicho moja limefungwa bandeji na la pili limejaa dawa, ameshikwa mkono na mke wa mwanawe, msichana wa Kirinyaga asiyenijua. Hakuwa anaona kitu, ila alimtambua mama kwa kikohozi chake. Alifurahi sana. Akaketishwa pale pale benchini, upande wa pili wa mama, na msichana akaenda kupanga foleni ya dawa. Mimi nikaipandisha barakoa. Mwenyekiti akasikia nikisogea, akageuza uso upande wangu, akauliza ni nani huyo ameketi hapo.

"Ni mgonjwa tu," mama akasema. "Simjui."

Alisema haraka, bila kutafuta maneno. Najua alikuwa ananilinda. Lakini mkono wake, uliokuwa juu ya goti langu, aliuondoa.

Mwenyekiti akaanza kuuliza habari zangu. Mama akasema niko salama, nafanya kazi. Basi mwenyekiti akasema nipigiwe simu sasa hivi, anisikie, nami nimwombee jicho kwa ile lugha ya mapadre, maana siku ile nilipoomba yeye aliona mwili wote umemsisimka. Mama akajaribu kusema hana salio. Mwenyekiti akatoa simu yake mwenyewe, akampa mama aingize namba yangu.

Niliinuka taratibu, nikaenda hadi kwenye tangi la maji, hatua kama ishirini hivi. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikapokea. Nikamsalimu mwenyekiti kwa Kimeru, nikampa pole, na aliponiomba nimwombee sikuwa na lingine. Nikasoma lile lile, verrò, verrai, verrà, hadi mwisho. Kutoka tangini nilimwona akiinamisha kichwa chenye bandeji, mikono imefunguka mapajani. Aliamini kabisa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Amina," akasema. Kisha akamgeukia mama. "Sasa muulize atakuja lini. Wewe ndiye mama, muulize."

Mama aliipokea simu. Kwa miaka yote mitatu hakuwahi kuniuliza neno hilo, na mimi nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutoniuliza. Aliinua uso, akanitafuta kwa macho yale yenye ukungu, akanipata kando ya tangi.

"Mwanangu," akasema, "utakuja lini?"

Nilimsikia mara mbili, mara moja simuni na mara moja kwa hewa. Nilitaka kuvua barakoa na kuvuka ule uwanja. Ni hatua ishirini. Sikuvuka, na mdomoni likatoka lile neno nililokuwa nimetoka kulisoma.

"Verrò," nikasema. Nitakuja.

"Amesema nini?" mwenyekiti akauliza.

Mama hajui Kiitaliano. Aliendelea kunitazama.

"Amesema bado," akajibu, akamrudishia simu yake.

Msichana alirudi na dawa. Walikuwa na gari la mtu wa kanisani lililokuwa likirudi Meru, na mwenyekiti hakutaka kusikia kwamba mama ana jambo lingine Embu. Wakamwinua, wakambebea kiondo. Nilibaki kando ya tangi mpaka lango likafungwa. Maparachichi yote yalirudi Githongo.