Shangazi Mwanajeshi na Mlingoti wa Bibi

Mwezi uliopita nilikuwa Iringa kwa shughuli ya harusi, na kwa kuwa basi langu la kurudi Mbeya lilikuwa la mchana, nikajisemea acha nipande Kihesa nikapaone pale kwa Bibi. Usiniulize nilitegemea kukuta nini. Nyumba iliuzwa zamani, na mwenye nayo sasa amejenga vyumba vya kupangisha mpaka mwisho wa kiwanja. Pale lilipokuwa jiko pana duka la vocha na soda. Nikanunua soda, nikaomba kiti, nikakaa. Mara akapita mama mmoja aliyevaa sare za jeshi, ana haraka zake, na vijana wawili waliokuwa wanacheza drafti wakaanza kubishana habari za wanajeshi. Mmoja akasema kule wanachagua misuli tu, akili unaiacha getini. Mwenzake akacheka, akasogeza kete.

Mimi pia nilicheka, maana maneno hayo niliwahi kuyasikia hapo hapo nikiwa darasa la tano, na aliyeyasema wakati ule alikuja kuyameza bila maji. Basi nivumilie nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa nalelewa na Bibi, mama yake baba. Baba na mama walikuwa Mbeya, ambako Baba alikuwa karani. Mdogo wake Baba, yaani shangazi yangu, alikuwa mwanajeshi, na kila alipopata likizo alikuja Kihesa na begi lake la kijani. Sisi watoto wa mtaa tulikuwa tunamsubiri kwa hamu kuliko sikukuu. Alitufundisha kufunga mbuzi kwa fundo ambalo mbuzi akilivuta linakaza lakini wewe ukilivuta linafunguka. Alitufundisha kutembea kwenye majani makavu bila kusikika, elimu ambayo tuliitumia siku hiyo hiyo kwenye mapichi ya jirani. Mchezo wake mkubwa ulikuwa wa ungo: anapanga vitu kumi na tano juu yake, sindano, punje ya hindi, kifuniko cha chupa, anatuachia tuangalie kidogo, kisha anafunika na kanga. Utaje vyote. Halafu anauliza swali la pili, ambalo ndilo lilikuwa linatumaliza: nani kati yenu alikuwa amevaa kandambili za rangi mbili tofauti?

Kwa Bibi lakini cheo chake kilikuwa kinaishia mlangoni. Nasikia kambini alikuwa anaamrisha wanaume wenye ndevu, ila pale nyumbani alikuwa anatumwa maji, anachambua maharage na kukemewa kwa kuchelewesha moto. Alikuwa anaitika na kwenda. Jioni tulikuwa tunakula viazi mviringo vya kuchemsha na maganda yake, tunavimenya vikiwa vya moto huku tunapuliza vidole, na chai ya mchaichai, na jiko limejaa moshi mpaka macho yanatoka machozi. Ukiniuliza furaha ilikuwa na harufu gani, nitakuambia ilikuwa na harufu ya ule moshi.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu. Huyu ndiye aliyemfundisha Shangazi darasa la saba, na alikuwa hajamsamehe kwa hesabu alizokosa. Kila Shangazi akimwamkia kwa shikamoo, aliitikia marahaba kisha akamgeukia Bibi na kumpa pole kwa mtoto aliyekwenda kutumia mabavu kwa kuwa kichwa kilikataa. Alisema kwa upendo kabisa, mkono wake ukiwa ndani ya bakuli letu la karanga.

Sasa, nyuma ya jiko la Bibi ulikuwepo mlingoti, yaani mkaratusi, ile miti ambayo majani yake tulichemsha kujifukiza tukipata mafua. Ulikuwa mrefu kupita kiasi, Babu aliupanda akiwa kijana. Mwaka huo mvua zilizopita zilikuwa zimekula udongo wa chini, mizizi ya upande mmoja ikakatika, na mti ukaanza kuegemea nyumba. Balozi wa nyumba kumi alikuja akaangalia, akasema mvua nyingine zisiukute umesimama. Fundi wa misumeno kutoka Ipogolo naye akaja, akauzunguka, akanywa chai vikombe viwili, akasema kuukata bila kubomoa jiko na chumba cha Bibi haiwezekani, akaenda zake. Mwanya uliokuwepo ulikuwa kati ya jiko letu na banda la ng'ombe wa Mwalimu, hatua kumi na mbili tu, na baada ya hapo shamba la mahindi linaloteremka.

Baba alipopata habari akakata shauri moja tu. Bibi ahamie Mbeya, nyumba ibomolewe, basi. Akaja na pikapu ya kuazima. Bibi hakubishana na mwanawe mkubwa. Alifunga vyungu vyake kwa magunia, akafunga mbegu zake za maharage kwenye vitambaa, kila aina na fundo lake, na alipomaliza akakaa kwenye kigoda anaangalia ukuta. Nilikuwa sijawahi kumwona Bibi amekaa bila kufanya kitu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, maana hata mtoto alijua kwamba yule mama akitolewa pale hatadumu.

Shangazi, ambaye siku hiyo alikuwa na siku tatu tu zimebaki kwenye likizo yake, alimwomba Baba ampe siku moja. Baba akamuuliza ya nini. Akajibu ya kuangalia.

Na kweli aliangalia. Kutwa nzima hakushika shoka. Alichukua fimbo yenye urefu wa mkono wake, akanyoosha mkono na kuishika wima mbele ya jicho lake, akawa anarudi kinyumenyume shambani mpaka fimbo ikafunika mti wote kuanzia shina hadi kilele. Aliposimama akachomeka kijiti, akasema kilele kitalala hapo. Mwalimu alikuwa anamtazama kutoka uani kwake, na hakuvumilia. Akaleta daftari, akapima kivuli cha mti na kivuli cha fimbo, akagawanya, akazidisha, akafuta, akaanza upya. Majibu yao yakakaribiana. Mwalimu akasema ni bahati.

Baada ya hapo Shangazi akafanya jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Alikwenda kukaa chini kwenye mkeka karibu na Bibi, akamuuliza habari za upepo. Sio kwa kupoteza muda, alikuwa na kidaftari na kalamu. Maana nani aujue upepo wa pale kuliko mwanamke aliyepepeta maharage kwenye uwanja ule ule maisha yake yote? Bibi akamwambia miezi hii asubuhi kumetulia, saa tatu kuelekea saa nne upepo unateremka kutoka mlimani ukisukuma upande wa jiko, na haukatiki mpaka saa kumi, watoto wanapotoka shule. Shangazi akaandika. Nikaona Bibi anakaa wima kidogo, kwa mara ya kwanza tangu afunge vyungu.

Kesho yake saa kumi na mbili tulikuwa wote nje, na baridi ya Iringa unaijua. Vijana wa mtaa walikuja na msumeno wa watu wawili, shoka na kamba. Mpango ulikuwa mti uwe chini kabla ya saa tatu. Kumbe hatukuwa tumemshirikisha ng'ombe wa Mwalimu. Alitakiwa tu kutoka bandani akafungwe mbali kwa usalama wake, naye akakataa. Alivutwa, akasukumwa, akabembelezwa kwa majani na kwa chumvi, Mwalimu akamkemea kwa sauti ile ya darasani, ng'ombe akalala chini. Jua lilipanda. Alipokuja kutoka, alitoka mwenyewe, kwa hiari yake, na saa moja na nusu nzima ilikuwa imekwenda.

Wakaanza. Shangazi alichora shina kwa mkaa pa kukata, na mdomo wa mti ukafunguliwa kwa shoka upande wa shambani. Kisha msumeno ukaingia upande wa nyuma. Ulikuwa umefika karibu na katikati pale majani ya juu yalipoanza kuvuma.

Shangazi akainua mkono, msumeno ukasimama. Akaagiza kabari zigongwe kwenye mkato ili mti usirudi nyuma, kamba mbili zivutwe na kufungwa kwenye miti ya upande wa shamba, na watu wote waondoke karibu. Kisha akaomba chai.

Hapo ndipo mtaa mzima ulipopata la kusema. Mti umekatwa nusu, unalia kila ukipulizwa, na yeye anakunywa chai! Vijana wakasema dakika ishirini tu zinatosha. Mwalimu akasema hivi ndivyo alivyokuwa darasani, akifika kwenye swali gumu anaweka kalamu chini. Mama mmoja akasema wazi, na kwa sauti, kwamba hata sare haiondoi woga wa mwanamke. Baba alikuwa ametoka jasho. Alivua koti, akamnyang'anya kijana mmoja mshikio wa msumeno, akamwita mwingine ashike upande wa pili.

Shangazi alishusha kikombe kutoka mdomoni. Hakupaza sauti.

"Kaka, kaa chini."

Baba alimtazama. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka minane, alikuwa amemlipia sare ya shule, na kwetu dada hamwambii kaka yake hivyo mbele za watu. Nilishika sketi ya Bibi. Shangazi akaongeza kwa upole kwamba mti ule ukikatwa sasa utaanguka unapotaka wenyewe, na yeye anataka uanguke anapotaka mama. Baba akasimama kidogo, kisha akarudisha mshikio, akatafuta kigogo, akakaa. Nadhani na yeye alishangaa.

Tulikaa hivyo kwa muda wa saa saba. Nakumbuka kila kitu cha siku ile. Watu walikwenda na kurudi, wengine walileta mahindi ya kuchoma, ikawa mfano wa mnada. Kila upepo ukija mti uliguna na sisi tuliacha kutafuna. Shangazi hakuondoka. Kila baada ya muda alikwenda kushika kamba, akagusa kabari, akarudi kukaa. Waliomcheka aliwakaribisha chai. Bibi alikaa karibu yake, na mchana akaletewa maharage kwenye ungo, akawa anayapepeta taratibu, anaangalia makapi yanaangukia wapi. Saa tisa makapi yalikwenda mbali. Saa tisa na nusu yalikwenda karibu. Watoto wa shule walipoanza kusikika barabarani, makapi yakaanguka miguuni pake. Bibi akamwangalia bintiye, akatikisa kichwa kukubali.

Kazi iliyobaki haikufika dakika kumi na tano. Mti ulikohoa, ukainama kuelekea shamba kama mtu anayeaga, ukapita kwenye zile hatua kumi na mbili, na ardhi ikaruka chini ya miguu yetu. Vumbi lilipotulia jiko lilikuwa limesimama. Banda lilikuwa limesimama. Vigelegele vilipigwa mpaka Kihesa ya chini. Kitu pekee kilichoumia kilikuwa kamba ya nguo ya Mwalimu, ambayo hakuna aliyeikumbuka, pamoja na suruali yake ya kanisani. Mwalimu aliiokota, akaikung'uta, akatembea mpaka kilele kilipolala, akarudi akitangaza kwamba kimepita kijiti kwa hatua mbili.

Wakati wengine wanacheza, Shangazi alikwenda kuhakikisha. Akakuta ni kweli. Akasimama pale anafikiri mpaka akapata, kwamba alikuwa hakuhesabu mteremko wa shamba, akaandika kwenye kidaftari. Mwalimu alimwona anaandika. Kuanzia hapo, mtu akisema neno baya la wanajeshi mbele yake, alimwambia aende akapime mti kwanza. Na ile suruali aliivaa na kiraka chake, anakionyesha kwa kila mgeni.

Bibi alimwendea Baba pale kwenye pikapu.

"Nishushie vyungu vyangu, mwanangu."

Baba alivishusha mwenyewe, kimoja kimoja, akavipanga jikoni huku Bibi akimwelekeza.

Basi niliyakumbuka hayo yote kwenye kile kiti cha dukani, na soda ikapata moto mkononi. Milingoti haipo tena pale, uwanja wa kupepetea haupo, na wote waliopiga vigelegele sijui wametawanyikia wapi. Mwalimu alikwisha tangulia. Nikaghairi basi la Mbeya, nikapanda la kushuka Ruaha Mbuyuni, ambako Shangazi aliyestaafu analima vitunguu. Nilimkuta amevipanga kwa ukubwa, mistari imenyooka, anamgombeza kibarua kwa mstari mmoja uliopinda. Usiku huo tulikula wali na samaki wa mtoni, tukacheka kuhusu yule ng'ombe.

Nilimwambia jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumwambia. Bibi aliishi pale Kihesa miaka kumi na moja zaidi. Alivuna maharage mara kumi na moja, alinifundisha kupika kwenye jiko lile, aliniona naolewa, na alifia kwenye chumba chake, kitandani kwake, kuna jua. Nikamwambia miaka yote hiyo tulipewa na mtu aliyekubali kuitwa mwoga mbele ya mtaa mzima, akaendelea kunywa chai. Nikamsifu kwa utulivu wake, kwamba hakuwa hata na wasiwasi.

Alicheka kwanza. Kisha akaokota kitunguu kimoja, akakifuta udongo kwa kidole.

"Nilitaka kukata kuliko baba yako," akasema. "Tena zaidi yake. Kile kikombe nilikishika muda wote ili mikono isiende kwenye msumeno."