Mama Hapana na Watu wa Kamera

Ilikuwa mwaka ule nilipoacha ufundi wa baiskeli. La, nasema uongo. Baiskeli niliziacha kabla, goti liliponigomea. Mwaka wenyewe ni ule uliofuata, nilipokuwa nashinda kwenye duka la ushirika bila kazi ya maana, nikikaza boliti za mizani na kuwachosha watu kwa hadithi. Tuseme ni huo, twende mbele.

Duka letu ni chumba kirefu chenye mlango mmoja. Ukiingia, magunia ya maharagwe, mchele na unga yako kushoto, mapipa ya mafuta yako kulia, na meza ya mizani iko katikati. Ni mali yetu wanachama. Chakula tunanunua kwa pamoja, tunapimiana wenyewe, na zamu ya kufagia haina mkubwa wala mdogo. Rafu alizipiga marehemu kaka yangu, mkewe akimshikia mbao. Huyo mkewe, shemeji yangu, ndiye ninayetaka kumweleza. Jina analo, lakini mtaani pale wote tulimwita Mama Hapana.

Msidhani alikuwa mkali. Alikuwa mpole, mcheshi, na mkono wake wa kupimia ulikuwa mwepesi kuongeza. Jina lilitokana na kazi. Zamani, duka likiwa changa, alikuja mfanyabiashara mmoja mwenye maneno matamu kama asali akatuuzia shehena ya maharagwe. Mkutano mzima ulikubali kwa shangwe, hakuna aliyeuliza swali. Tulipofungua magunia, juu maharagwe, chini wadudu. Tukayala hivyo hivyo, maana yalikuwa yetu. Tangu hapo tukaweka sharti: jambo lolote lisipopingwa na mtu, halipigiwi kura.

Mwanzoni tulipokezana kupinga. Lakini binadamu anapenda kupendwa. Mtu akisimama anasema, "Mimi napinga, ila sipingi sana," kisha anakaa. Shemeji akachoka. Akasema, "Kama ni mchezo, tuuache. Kama ni kazi, nipeni mimi." Tukampa, tukamshukuru Mungu. Mpingaji hapigi kura, hilo nalo ni sharti. Anasema yake, anabaki kwenye meza ya mizani, na sisi tunagawanyika: anayekubali anakwenda upande wa magunia, anayekataa upande wa mafuta.

Basi mwaka huo akaja binti mmoja mwenye kamera. Yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza filamu ya maisha halisi kuhusu vyama vya ushirika, jinsi watu wa kawaida wanavyojilisha kwa kushikana mikono. Hakuwa na tajiri nyuma yake. Alikuwa anaviomba vyama vyenyewe vimsaidie. Ushirika wa maziwa ulishakubali kutoa maziwa, wa wasaga unga ukatoa unga. Kwetu aliomba maharagwe, mafuta, mahali pa kulala, na ruhusa ya kupiga picha dukani.

Mwenyekiti wetu, mwoka mikate mwenye sauti nene, akalileta jambo kwenye mkutano. Binti akaeleza vizuri, watu wakatabasamu. Kisha mwenyekiti akageukia mizani. "Haya, Mama Hapana. Tumalizie, watu wana njaa."

Shemeji akasimama, akafuta mikono kwenye kanga.

"Lile tundu la panya pale nyuma ya unga," akasema, "tumelipigia kelele tangu lini? Hakuna aliyeliziba. Kesho mkisikia kamera, mtaliziba kabla chai haijapoa. Halafu mtapaka ukuta rangi. Halafu mtaficha magunia yenye viraka, na mzee wetu hapa mtamwambia avae viatu." Watu wakanicheka. "Tutaanza kulipamba duka kwa ajili ya watu wasionunua hata punje. Na maharagwe watakayokula wageni yatatoka kwenye kibaba cha nani? Cha yule mama wa watoto sita, ambaye hatasema kitu kwa sababu ana haya."

Yule mama wa watoto sita akainamisha kichwa. Kisha mmoja akasogea upande wa mafuta, na mwingine, na mwingine. Hata mwenyekiti alisimama kwanza katikati kama mtu anayesubiri mvua ipite, kisha akaenda mafutani. Binti akakunja karatasi zake, akashukuru kwa adabu, akatoka.

Nilimkuta shemeji uani amekaa juu ya kreti, anachambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa.

"Leo umewamaliza," nikamwambia.

"Niliitaka ile filamu, shemeji."

Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania.

"Hebu hesabu mwenyewe," akasema. "Mwanachama mpya wa mwisho aliingia lini? Vijana wote wanakwenda kwenye lile duka kubwa la milango ya vioo. Sisi tunazeeka, tunakwenda mmoja mmoja, na wa mwisho atafunga mlango. Rafu za kaka yako zitakuwa kuni. Watu wangetuona kwenye filamu, hata wawili watatu wangekuja."

"Sasa si ungepinga kidogo tu?"

"Kama wewe unavyofagia?" akasema. "Kazi ni kazi. Nikipinga kwa kupendelea leo, kesho mtaniamini vipi?"

Nikamsaidia kuchambua.

Sasa, katika masharti yetu, jambo lililokataliwa linaweza kurudi ikiwa aliyelipinga mwenyewe ataomba lirudi. Halikuwahi kutokea. Mkutano uliofuata shemeji akaomba. Watu wakaguna. Lakini kama yeye ndiye anayelileta, nani atalipinga? Kila mtu akaanza kuitazama dari. Mwenyekiti akaninyooshea kidole. "Wewe mzee huna kazi. Pinga."

Nikasimama. "Napinga," nikasema. "Kwa sababu... viti vyetu ni vichache."

Duka zima likaangua kicheko. "Shemeji anampinga shemeji! Leo chakula hupati!" mtu akapiga kelele.

Shemeji peke yake hakucheka. "Kaa chini, unaniharibia kazi. Hujasema hata la panya!" Akageukia watu, akayarudia yote yale ya mwanzo bila kupunguza hata moja. Ndipo akasema, "Hayo ni kweli, na bado ni kweli. Ila ninaomba mlikubali na hayo ndani yake. Tundu lisizibwe mpaka wageni waondoke. Ukuta usiguswe. Na maharagwe ya wageni yatoke kwenye vibaba vya sisi tusio na watoto nyumbani."

Tukagawanyika. Upande wa magunia ulijaa mpaka unga ukawamwagikia watu mabegani. Mafutani walibaki watu wachache, na mmoja wao alisema yeye hakusikia.

Binti akaitwa, akarudi na wenzake. Walilala kwa mwenyekiti, wakaamka wananukia mikate. Walikula maharagwe ya kwetu, maziwa ya wale, unga wa wengine, na kila aliyeleta alikaa akala nao. Walitupiga picha tukifagia, tukipima, tukigombana juu ya zamu. Mimi nilivaa viatu siku ya kwanza, shemeji akanivua.

Filamu ilipokwisha ilionyeshwa pale pale dukani, kwenye shuka lililotundikwa juu ya rafu. Sehemu yetu ni fupi. Ukuta unaonekana jinsi ulivyo, na tundu la panya lipo, ingawa panya mwenyewe hakujitokeza. Baada ya hapo walikuja watu: mke na mume wageni mtaani, mwalimu, fundi redio na mama yake. Si wengi, lakini zamu za kufagia zilipata mikono mipya, na duka liko wazi hadi leo ninapoandika.

Mimi ndiye niliyebaki na mzigo. Siku moja nikiwa nakaza boliti za mizani, nilianza kuyakumbuka mambo mengine aliyoyapinga yakaanguka. Tanuri la mikate. Mlango wa pili. Kile chumba kikubwa cha njia panda tulichokikosa. Yote aliyapinga vizuri vile vile, kwa sauti ile ile, na sisi tukaenda mafutani tukijiona tuna akili. Nikamuuliza. Akasema, "Niletee lile gunia la mchele," nami nikalileta. Nikamuuliza tena alipokuwa anahamia kwa binti yake, akaniambia nishike vizuri kona ya godoro. Alipofariki nikamuuliza binti yake. "Baba mdogo," akasema, "mimi nitajuaje?" Mwenyekiti naye aliniambia nimwache marehemu apumzike.

Basi nawauliza ninyi: katika yale yote aliyotukatalisha, ni mangapi ambayo mwenyewe aliyataka?