Choo Alichokijenga Mama Kalinga

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, hapa Mbeya, ukungu umeufunika mlima Loleza mpaka miguuni. Siku hiyo nilisema neno moja tu, nalo lilikuwa "sikumbuki". Nimeishi nalo tangu hapo. Kaa nikusimulie, maana nasikia nawe umeanza kuitwa kwenye mambo ya watu, na anayeitwa kwenye mambo ya watu si mtoto tena.

Wazazi wetu walitangulia wakifuatana, baba kwanza, mama miezi michache baadaye. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikiwa kidato cha pili. Shule niliiacha mwenyewe, kama mtu anavyoweka ndoo chini ili ambebe mtoto. Nikabaki na wadogo zangu watatu katika chumba kimoja cha kupanga, kwenye nyumba ndefu yenye vyumba vinane na ua mmoja.

Mwenye nyumba tulimwita Baba Lusajo. Nisimseme kupita haki yake. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyehangaika kutafuta jeneza na gari la kwenda makaburini, na baada ya mama kuondoka alikaa miezi mitatu bila kutugongea mlango kwa ajili ya kodi. Tena ndiye aliyekuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, kwa hiyo barua zote za kwenda ofisini zilianzia mezani kwake.

Chumba cha pembeni yetu, kinachotazama barabara, alikaa Mama Kalinga, mjane wa Kihehe aliyetoka Iringa. Alikuwa akifuma vitambaa vya makochi na kuvitembeza maofisini. Masika moja choo cha uani kilititia, ukuta ukaenda na shimo. Watu wazima tukawa tunabisha hodi kwa majirani asubuhi, kopo mkononi, macho chini. Baba Lusajo alisema hana uwezo wa kujenga kingine. Ndipo Mama Kalinga akamfuata na maneno yake: yeye atajenga choo kwa jasho lake, na kwa hilo ataachiwa chumba chake miaka kumi bila kuhamishwa.

Huku kwetu wakati ule watu wakipatana hawakuandikiana. Kumwandikisha jirani unayemjua ilikuwa kama kumwita mwizi. Waliita mtu wa tatu, akasikiliza, akanywa nao togwa, basi, jambo limefungwa. Siku hiyo aliyekuwa anapita uani na ndoo ya maji nilikuwa mimi. Nikaketishwa kwenye kigoda, nikasikia kila neno, nikanywa.

"Umesikia, binti yangu?" Mama Kalinga aliniuliza.

"Nimesikia, mama."

Choo kilijengwa. Shimo refu, matofali ya kuchoma, bati jipya, na mlango wenye komeo kwa ndani, kitu ambacho nyumba nyingi za mtaa ule hazikuwa nacho. Vyumba vyote vinane tukakitumia, na usafi tukaufanya kwa zamu.

Mwaka wa tatu barabara ya mbele ikapanuliwa, na vyumba vya upande ule vikapanda thamani. Baba Lusajo akataka kuvigeuza fremu za maduka. Akampa Mama Kalinga mwezi mmoja ahame. Mama wa watu alipomkumbusha mapatano yao, akajibiwa, "Mapatano gani? Iko wapi karatasi?"

Tulikuwa na mbunge wa upinzani miaka hiyo, mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa mtu wa vipaza sauti. Alipita nyumba kwa nyumba na kaunta buku chini ya kwapa, akiandika: bomba linalotoa maji siku moja kwa wiki, mtaro uliozibwa, zahanati isiyo na dawa. Lakini zaidi aliandika habari za wapangaji, kwa sababu alitaka kwenda kuomba sheria ya kuwalinda. Alisema mpangaji wa nchi hii anakaa kama ndege juu ya waya: hajui lini utatikiswa. Ikatangazwa kwamba Jumamosi atafika uani kwetu.

Ijumaa jioni Baba Lusajo alikuja chumbani. Mdogo wangu Gwakisa alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, na ili asamehewe ada ilitakiwa barua ya mjumbe kuthibitisha kwamba sisi ni yatima.

"Atu, barua ya mdogo wako nimeshaiandika," alisema. "Bado mhuri tu. Nitaugonga Jumatatu."

"Ndaga, baba. Asante."

Akatazama sufuria yetu jikoni, akawatazama wale wadogo. "Kesho wanakuja watu wa siasa. Wale wanapita, mwanangu. Sisi ndio tunaobaki."

Hakuongeza kitu. Wala hakuhitaji. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Usiku huo niliubusu kabla haujanyooshwa.

Asubuhi tulikusanyika tumejifunika mashuka na makoti, pumzi zikitoka kama moshi. Mbunge aliketi kwenye kigoda kilekile cha togwa. Fundi Sanga, mshona viatu wa chumba cha mwisho, ambaye mzaha haukumwisha hata msibani, akaanza. "Mheshimiwa, andika na panya. Nao wamepanga humu, na wao kodi haipandi."

"Wana mkataba?" mbunge akauliza bila kuinua kichwa.

"Hawana. Ila wao wakifukuzwa wanarudi."

Watu wakacheka kidogo. Baba Lusajo naye alicheka, amesimama mlangoni kwake na kikombe cha chai. Kisha Mama Kalinga akaeleza habari yake yote, taratibu, mikono juu ya magoti. Alipomaliza, mbunge akaweka kalamu chini.

"Mama, nisikilize. Mimi ni wa upinzani. Kule ndani nikisimama, wengine wanaguna kabla sijafungua mdomo. Siwezi kwenda na 'inasemekana'. Nikisoma jambo moja lisilo na shahidi, watalishika hilohilo, na wapangaji wote niliowaandika humu wataitwa waongo. Shahidi yupo?"

"Yupo," Mama Kalinga akasema, na uso wake ukafunguka. "Huyu hapa, binti yetu. Alikunywa togwa nasi."

Ua mzima ukanigeukia. Nilitazama kikombe cha Baba Lusajo. Nikauona mhuri. Nikamwona Gwakisa na viatu vyake vya kuazima.

Nikasema, "Sikumbuki."

Mbunge alinitazama kama mwalimu anayejua kwamba mtoto analijua jibu. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika maneno machache juu yake, akafunika daftari. Habari ya Mama Kalinga haikwenda Bungeni.

Asubuhi aliyoondoka, fuko, kitanda na kapu la nyuzi vikiwa tayari nje vikisubiri mkokoteni, nilimwona akienda chooni na ndoo na ufagio. Ilikuwa zamu yake. Alisugua sakafu, akamwaga maji, akasugua mlango. Alipomaliza alinikabidhi ufagio.

"Kesho ni yako," alisema. Basi. Akaenda zake Iringa.

Mwanangu, niliishi katika nyumba ile miaka mingine miwili, na kila siku ya miaka hiyo niliingia mle chooni nikafunga komeo lake. Wasemao mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawajawahi kuubeba kwa namna hiyo.

Barua? Niliipata. Nilimpeleka Gwakisa mwenyewe. Karani wa shule aliipokea bila kuikunjua, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai kisilowanishe meza, akaandika jina la mtoto kwenye orodha. Majina ya yatima walikuwa nayo tayari, yaliletwa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Nilisimama pale nikitazama ule mhuri unavyovuja wino.

Majuto ni mjukuu, lakini wangu hakukawia kuzaliwa. Mwaka wa pili nilipanda basi kwenda Iringa. Chimala tuliposimama, wauza mchele wakagombea madirisha. Nikanunua kilo mbili, kwa maana huwezi kwenda kwa mtu uliyemkosea mikono mitupu. Nilimkuta Mama Kalinga mtaa wa Kihesa, katika chumba cha uani kwa mkwewe, miguu imevimba, bado anafuma.

"Kamwene," nilimwamkia.

"Kamwene, binti yangu. Umekonda."

Nilipiga magoti, nikamweleza habari ya Ijumaa ile, barua na mhuri, nikalia. Aliniacha nilie mpaka mwisho wa mstari aliokuwa akifuma.

"Gwakisa anasoma?"

"Anasoma, mama."

"Vizuri. Sikulaumu kwa kumpenda mdogo wako. Ila ungeniambia usiku ule kwamba unaogopa. Tungeogopa wawili, labda tungepata njia. Ulinifanya nisimame mbele za watu nikikuamini." Akavuta uzi. "Na uache kulia hapa. Mimi naujua ukweli, nilikuwepo. Nenda kaseme pale ulipotakiwa kusema."

Nikarudi Mbeya, nikamtafuta yule mbunge. Hakuwa mbunge tena. Uchaguzi ulikuwa umepita na kiti hakukipata. Nilimkuta nyumbani kwake akichambua maharage. Nilipojitaja, aliingia ndani akatoka na kaunta buku lile. Akalifungua katikati. Juu ya ukurasa palikuwa na maneno: *Mama Kalinga, choo. Shahidi: binti wa chumba cha pili.* Chini yake, peupe mpaka mwisho.

"Nilikuwekea nafasi," alisema. "Nilidhani utakuja wiki ileile."

"Sasa itasaidia nini, mheshimiwa?"

"Sijui. Pengine haitasaidia kitu. Sheria niliyoiomba haikupita, na huko ndani sipo tena. Lakini ukurasa ni wako. Andika."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu wa kidato cha pili, kila neno nililosikia kwenye kigoda. Ulijaa. Nilikusudia kwenda Kihesa tena baada ya mavuno nikamwambie. Salamu za msiba zikanitangulia.

Zile fremu zipo mpaka leo. Ukipita utaziona, moja wanauza simu. Wapangaji wa mji huu bado wanaambiwa "iko wapi karatasi", na nimeona wengi wakitoa magodoro mvuani. Sitakudanganya kwamba kukiri kwangu kulibadili neno. Ila tangu siku hiyo hakuna jirani aliyepatana na mwenye nyumba mbele yangu bila mimi kuomba kalamu, na nimeitwa baraza la kata mara nyingi kusema nilichosikia. Mara nyingine tumeshindwa. Mara mbili nimehamishwa mimi mwenyewe kwa ajili ya ushahidi huo. Nilikwenda.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukikubali kusikiliza mapatano ya watu, umebeba mali yao kinywani, usiimeze. Mtu aliyekutendea mema mlipe kwa mema yako, usimlipe kwa haki ya mwingine. Ukiogopa, mwambie unayemwogopea, kabla ya siku, si baada. Andika mapema, hata kama watu watasema huwaamini. Na ukiona mtu ametumwa kwenda kusema kwa niaba ya wanyonge, usimpeleke mikono mitupu halafu umlaumu kwamba alinyamaza. Anasema kwa kadiri tulivyompa cha kusema.

Mungu akupe paa lisiloweza kuondolewa kwa neno la mtu. Asipokupa hilo, akupe jirani mwenye kumbukumbu. Na siku wote watakapokugeukia uani kungoja jibu lako, akufungulie kinywa ukumbuke.