Aliyebandua Mabati

Nina diploma ya saikolojia niliyoisomea ng'ambo kwa jasho langu, nikiosha vyombo mchana na kuingia darasani jioni. Nayataja haya mapema kwa sababu wengi tuliokua nao katika mtaa wa mabanda wa Kambi Muru hawakufika mbali hivyo, na waliofika walisukumwa na mtu. Mimi sikushikwa mkono na yeyote. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, na ndivyo nilivyomwambia mkuu wa utafiti siku aliyoniajiri.

Utafiti wenyewe ulihusu kumbukumbu na uongo. Tulimwendea jamaa wa mtu, mama au kaka, atupe mambo matatu ya kweli yaliyompata mtu huyo utotoni. Sisi tuliongeza la nne, la kubuni. Kisha tuliyachanganya, tukamsomea mhusika yote manne na kumwomba asimulie anachokumbuka. Wengine walilikumbuka lile la kubuni hadi rangi ya nguo walizovaa. Kule Sarang'ombe, ambako watu wamezoea wageni wenye fomu, mama mmoja aliniuliza kabla sijakaa, "Mnataka jibu gani, nisiwacheleweshe?" Nilicheka. Mimi mtu akinidanganya humjua kabla hajamaliza sentensi, na wenzangu waliniletea fomu zao niwaamulie.

Mwezi wa pili, mkuu akasema sisi wasaidizi pia tupimwe, tujue anavyojisikia anayeulizwa. Nikatoa nambari ya dada yangu mkubwa, anayeuza mitumba sokoni Kawangware 46. Tangu mama afariki, yeye ndiye pekee aliyebaki anayeujua utoto wangu.

Msichana tuliyefanya naye kazi, ambaye ndiye aliyempigia dada simu, alinisomea. La kwanza, nilivunjika jino nikicheza kwenye reli. Kweli. La pili, nilikataa kuvaa sare ya shule yenye kiraka. Kweli. La tatu, kuku wa jirani alinidonoa shavuni. Nililikumbuka mara moja, hata manyoya yake mekundu. La nne, nyumba ya jirani iliposhika moto nilijificha chini ya kitanda, dada yangu akabandua mabati ya ukuta wa nyuma na kunivuta nje.

Sikumwacha amalize. Nilimwambia hilo ndilo la kubuni, tena limebuniwa vibaya. Siku hiyo mama alikuwa ametufungia kwa kufuli kwa nje, kama walivyofanya kina mama wengi wa ploti yetu wakienda vibarua vya kufua. Moshi ukaingia. Nilikuwa na miaka sita. Nikayapiga mabati teke hadi misumari ikang'oka, nikamtoa dada yangu wa miaka tisa. Nimeisimulia hadithi hiyo kanisani na ughaibuni, na niliiandika katika barua ya kuomba nafasi chuoni. Bila hiyo sijui ningejiita nani.

Msichana aliangalia tena karatasi yake. "La kubuni ni la kuku," akasema.

Jumamosi nilikwenda Kawangware, si kuuliza bali kushtaki. Mama wa kibanda cha pili alinipokea kama kawaida yake: shujaa wa moto amefika. Dada alikuwa akikunja sweta. Nikamwambia ameharibu utafiti.

"Kwani daktari, si walisema nitoe ya kweli? Nikatoa."

Nikamweleza kwamba lile teke nalikumbuka, na maumivu ya kisigino pia. Akaniuliza ni mguu gani. Wa kulia. Akaniuliza nilikuwa nimevaa viatu gani. Vya raba, vyeupe.

"Raba ulinunuliwa ukiingia darasa la tatu," akasema, akaendelea kukunja.

Kisha akapandisha mkono wa sweta lake. Kovu lile nilikuwa nimeliona maisha yangu yote, likitoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. Niliambiwa ni ndoo iliyopasuka. Ilikuwa ncha ya bati.

Alinieleza bila haraka. Baada ya moto nilikataa kulala ndani, na kufuli likilia tu nilipiga mayowe. Mama hangeweza kuacha kutufungia. Kazi ilikuwa inamngoja. Ndipo jioni moja akawakusanya majirani mlangoni akawaambia, mimi nikisikia, kwamba ni mimi niliyebandua mabati. Wakanipigia makofi. Dada akaambiwa anyamaze.

"Ulilala siku hiyo. Sasa ningekunyang'anya aje?"

Nikamuuliza mbona amesema leo.

"Huyo msichana wa simu aliniuliza. Wewe umesoma kuuliza watu, na mimi hujawahi kuniuliza."

Mama wa kibanda cha pili akasema shujaa atusimulie ule moto, kuna mteja hajausikia. Nilisimama nilivyozoea kusimama. Nikaanza na kufuli, nikafika kwenye moshi, nikasema mimi nilikuwa chini ya kitanda.

Nikasimulia yote. Jirani huyo wa kibanda akamgeukia dada yangu. "Na miaka hii yote unanyamaza tu, wewe mama?"

Fomu yangu nimeirekebisha, ingawa yule kuku bado namkumbuka. Siku ile dada yangu alishusha mkono wa sweta, akachukua nguo nyingine ya kukunja. Kisha akaiweka chini, akaupandisha tena, na kuunyoosha mkono ng'ambo ya meza ili jirani aone vizuri.