Mlenda Usio na Mchanga

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ilipoanza kumwagwa hata kwenye minada ya vijijini, nilikuwa nesi msaidizi kwenye zahanati moja mbele ya Haneti, mkoani Dodoma. Nilikuwa kijana, nina maringo, na nilikuwa na daftari.

Daftari lilikuja pamoja na sola. Wafadhili walituletea friji la chanjo linalotumia jua, betri nne na vioo viwili vikubwa vya kunasa jua. Bati la zahanati lilikuwa limechoka, kwa hiyo fundi kutoka mjini akavifunga vioo juu ya tembe la jirani, lenye paa pana, bapa, la udongo. Jirani mwenyewe alikuwa mama wa Kigogo, mjane, aliyenipangisha chumba na kunilisha kama bintiye. Kabla ya kuondoka, fundi alinionyesha mshale unaopima chaji na jinsi ya kuongeza maji ya betri. Akaniusia: "Adui yako ni vumbi. Futa kila siku."

Nikafuta kweli. Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajafika, nilipanda ngazi na kitambaa kilicholowa, nikasugua vioo hadi nikajiona sura. Kisha nilitazama anga, nikaandika utabiri: leo betri zitajaa, leo nusu, leo tusiwashe taa. Mganga wetu wa zahanati, mtu mzima mwenye utani mwingi, hakuwasha taa ya chumba cha kujifungulia kabla hajauliza, "Nesi, daftari linasemaje?" Nilikosea mara chache, na nilihakikisha kijiji kizima kinalijua hilo.

Mwaka wa pili, mvua zilipoanza kupungua, mambo yakaharibika. Siku tatu mfululizo anga lilikuwa jeupe, nikaandika zitajaa. Siku tatu mfululizo mshale ukashuka. Ndani ya friji mlikuwa na chanjo ya surua, na Alhamisi akina mama wangekuja na watoto, wengine wakitembea nusu siku. Surua ilikuwa imetuulia watoto mwaka uliotangulia. Mshale ukigusa wekundu, friji lingezima na chanjo ingekuwa maji matupu.

Nikazisingizia betri. Nikaziongezea maji, nikasugua vichwa vyake kwa brashi, nikamtumia fundi salamu kwa basi la Kondoa liendalo mjini, nikijua hatafika kabla ya wiki kwisha. Niliogopa, na niliona aibu zaidi ya kuogopa. Kitu pekee kilichoniliwaza Jumanne ile kilikuwa ugali wa uwele na mlenda wa mama, mboga ya kuteleza ya majani aliyoyaanika mwenyewe.

"Mama, mlenda wa mwaka huu hauna mchanga kabisa," nikamwambia.

Akacheka. "Kula, mwanangu. Mwaka huu nimebahatika."

Jumatano, jua la utosi, niliwaacha wagonjwa kwenye benchi nikapanda ngazi kuvikagua vioo. Sikuwahi kupanda saa hizo. Vioo vyote viwili vilikuwa vimefunikwa na majani ya mlenda, yametandazwa vizuri kutoka ukingo hadi ukingo, na mama amechuchumaa pembeni akiyageuza kwa mkono. Nikaelewa kwamba siku zote tatu nilikuwa nakula umeme wangu mwenyewe.

Nilimfokea. Mtu niliyemwamkia shikamoo asubuhi hiyohiyo, nilimfokea hadi wagonjwa wakatoka nje kutazama. Nikamuuliza kama anataka watoto wafe.

Alinitazama akiwa na majani mkononi. "Mimi nakuona kila asubuhi unapanda kufuta," akasema. "Nikajua unanifutia mimi."

Aliyakusanya kwenye ungo, hakuacha hata jani juu ya vioo, akayahamishia pembeni. Mshale ukaanza kupanda alasiri ile, na Alhamisi tulichanja hadi chupa ya mwisho. Mganga alicheka mpaka akafuta machozi, akachukua kalamu na kuandika kwenye daftari langu, chini ya siku zile tatu: mawingu ya mlenda.

Jioni mama alinipakulia kama kawaida. Mlenda ule ulikuwa umemalizia kukauka kwenye udongo wa paa, na mchanga ukanilia menoni. Nikautafuna na kuumeza hivyohivyo. Baadaye nilimpelekea kitenge kumwomba radhi, akakipokea na kuniombea baraka. Lakini ngazi ile hakuipanda tena; mlenda wake aliuanika chini uani, nao ulikuwa na mchanga hadi nilipohamishwa.

Sasa naishi Dodoma mjini, ambako hata vibanda vya kuchaji simu vina sola. Mama alishafariki. Nikinunua mlenda mkavu sokoni na mchanga ukalia menoni, wanangu hulalamika, na mimi humkumbuka hadi chakula kinanishinda. Laiti ningejibu siku ile juu ya paa: ndiyo mama, nakufutia wewe.